Halbadiri kwa Mwizi wa Yabi

Mimi Khamisa mtu akinikosea simsahau, na sioni haya kulisema. Nilipokuwa na miaka tisa pale Ngamiani, Tanga, binti wa ami yangu alinichania gauni langu la Idi makusudi, akasingizia msumari. Nikanyamaza. Nilingoja miaka miwili, mpaka harusi ya dada yake, nikamtilia upupu kwenye kanga aliyokuwa ajifunge kuchezea ngoma. Alijikuna mbele ya wageni wote mpaka akalia. Mama alinichapa, na mimi huku nachapwa nacheka. Basi nilivyokuwa Tanga ndivyo nilivyo hapa Rooty Hill, na mwaka huo ninaousimulia nilikuwa nimeshatimiza miaka ishirini na mbili ya kukaa Sydney.

Nawaambia mapema ili mkisikia nilivyomfanyia Owuor msije mkasema masikini, alipitiwa na shetani. Sikupitiwa na mtu. Niliyafanya yote na akili zangu timamu, asubuhi, nimeshakunywa chai.

Mume wangu Aqil alikuwa dereva wa foklifti kwenye ghala moja Wetherill Park. Mtu mpole, mzito wa maneno, kinyume changu kabisa. Siku za mapumziko alikwenda mto Nepean kuvua bass, samaki wa huku wa maji baridi, na kila akimpata alimtoa ndoana taratibu akamrudisha mtoni. "Anapigana kama mtu mwenye kesi," alikuwa akisema, na meno yote nje. Alitaka kitu kimoja tu duniani, bwawa lake mwenyewe la bass. Ardhi hatukuwa nayo, lakini Mzee Spiteri, Mmalta mwenye shamba la mboga Horsley Park, alimwachia bwawa la nyuma ya shamba lake na akampa funguo mbili za geti la nyuma. Moja Aqil akaitia mfukoni, ya pili akampa Owuor.

Owuor ni Mluo wa Kisumu, anakaa Seven Hills, anaendesha van ya kupelekea watu vyakula majumbani. Walijuana kazini zamani, na tangu hapo walikuwa chanda na pete. Mwislamu na Mkristo, mmoja hasemi, mwingine hanyamazi. Mimi aliniita shemeji, na chakula changu alikila kwa heshima zote. Sikuwahi kumwonea shaka hata siku moja, na ndiyo maana hasira yangu ilipokuja ilikuja na mizizi.

Sasa, bass hatiwi kwenye bwawa tupu. Hilo Aqil alinifundisha mpaka nikawa naota. Kwanza unatia yabi. Yabi ni kamba wa maji baridi, ana magando kama ya kaa, rangi yake tope tope, na wengine wana ubuluu kwenye viungo. Unatia wakubwa, majike na madume, unawaachia miezi wazaane. Jike hubeba mayai chini ya mkia, mamia, na watoto wakitoka ndio chakula cha bass. Chini ya maji unawatupia matairi, mabomba na matawi wapate pa kujificha, la sivyo bass atawala wote mwaka wa kwanza na wa pili atalala njaa. Aqil alitia yabi wake mia mbili mwezi wa tatu wa mwaka 2021. Vifaranga vya bass mia tatu akaviagiza kwa mfugaji, viletwe mwisho wa mwezi wa kwanza unaofuata, na namba ya simu aliyoandikisha kwa ajili ya kupokea mzigo ni ya Owuor, kwa sababu simu yake mwenyewe alikuwa haipokei akiwa kwenye foklifti.

Mwezi wa sita serikali ikafunga jiji. Sisi wa magharibi tulifungwa kufuli mbili: helikopta juu ya paa, askari wa jeshi mlangoni wanauliza nani yuko ndani, na kutoka nje ya kilomita tano ni mpaka uwe na sababu. Ghala ndilo halikufungwa. Watu wa mjini walikuwa wanataka vitu vyao, basi Aqil akaenda kuvipakia, na korona ikarudi naye nyumbani. Mimi na binti yetu Lina tulikohoa wiki moja tukapona. Yeye walimchukua.

Hospitali hatukuruhusiwa kuingia. Nesi alimshikia simu. Nilimwona ana mpira puani, macho yamemwingia ndani, na mimi niko jikoni na aproni.

"Khamisa," akaniambia, "bass wakija wakute chakula."

"Watakuta."

"Niahidi."

"Nakuahidi, Aqil. Pumzika basi."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Miaka ishirini na sita ya ndoa, na wasia alioniachia ni huo, samaki wakute chakula. Wengine wangecheka. Mimi niliushika kama amana, kwa sababu katika maisha yake yote Aqil hakuwahi kuniomba jambo la pili.

Alifariki tarehe tisa mwezi wa nane. Mazishini waliruhusiwa watu kumi. Owuor alikuwa wa kumi na moja, akasimama nje ya uzio wa makaburi na kofia mkononi mpaka mchanga wa mwisho. Lina ndiye aliyenieleza, kwani mimi nilikuwa nimeshakaa eda. Miezi minne na siku kumi, nyumbani, nguo nyeupe, bila manukato, bila kutoka. Mwanzoni nilijifariji kwamba Sydney nzima imekaa eda pamoja nami. Lakini mwezi wa kumi wakawafungulia, nikawasikia barabarani wanapiga honi na kucheka, na mimi nimebaki dirishani. Wivu ulinikaba, siwafichi.

Bwawa lilibaki mikononi mwa Owuor. Alikuwa na kibali cha kazi na ruhusa ya kulisha wanyama, kwa hiyo alipita polisi akienda na akirudi. Kila Jumapili alimpigia Lina simu kwamba kwa Aqil kuko salama.

Arobaini ya Aqil iliangukia katikati ya kufungwa kule. Kukusanyana marufuku, hitima ikasomwa kwenye Zoom, na chakula tukakipanga kwenye vikopo vya plastiki ili kipelekwe mlango kwa mlango. Asubuhi ya siku hiyo Owuor aliacha kasha la barafu kwenye ngazi zetu, limejaa kamba waliokwisha chemshwa na kumenywa. Lina akawapika kwa nazi, na wali. Owuor mwenyewe ndiye aliyevipakia vikopo kwenye van akavigawa, nyumba thelathini na tano. Nilisikia sifa za kamba wale wiki nzima. Mimi nilikuwa sijala vizuri tangu msiba, siku hiyo nikala sahani mbili na nikakomba nazi kwa kidole. Nikasema Owuor Mungu ambariki, ametutafutia kamba wa maana.

Eda yangu ikaisha katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Nikaoga, nikavaa gauni la rangi, na mahali pa kwanza nilipomwambia Lina anipeleke ni bwawani. Tulitega madema manne ya waya, chambo vichwa vya kuku. Aqil aliniambia yabi wakiwa wengi, dema moja la saa mbili linakupa ishirini. Tulikaa saa tatu kwenye nyasi. Nikavuta la kwanza, hapana kitu. La pili, kichwa cha kuku kama nilivyokiweka. La tatu na la nne hivyo hivyo. Nikavua viatu, nikaingia mpaka magotini, nikapapasa ndani ya mabomba na matairi kwa mikono yangu hii. Tope tupu.

Nilihisi kama Aqil amekufa mara ya pili, na safari hii nimemwona aliyemuua. Kwa nini? Kwa sababu geti lina funguo mbili.

Na Owuor huyo akatokea! Van yake ikaingia getini, akashuka anatabasamu, barakoa kidevuni, mkononi mfuko wa karoti.

"Shemeji! Umetoka! Mungu ni mwema," akasema. "Nilikuwa nakuja kulisha. Kuja nikuonyeshe, kule nyuma ya banda nime—"

"Yabi wa Aqil wako wapi?"

Akasimama. "Wale wakubwa? Si wale... Shemeji, si tulitumia—"

"Umewatumia! Unasema mbele yangu kwamba umewatumia!"

"Ngoja, skiza kwanza."

"Sisikilizi. Umemsindikiza mtu kaburini, umegeuka umemwibia. Mwizi wa maiti wewe! Na karoti za nini? Umekuja kunasa waliobaki?"

Nikampokonya ule mfuko nikautupa katikati ya bwawa. Akautazama mfuko ukizama. Kisha akasema polepole, "Mama Lina, usiniite hivyo mbele ya mtoto." Nikamwita hivyo tena, kwa sauti kubwa zaidi. Akaweka ufunguo juu ya nguzo ya geti, akaingia kwenye van, akaondoka.

Siku hiyo hiyo nilinunua mnyororo na kufuli jipya nikalifunga geti. Simu ya Owuor nikaizuia kwenye yangu na ya Lina. Lina akapiga kelele kwa Kiingereza chake kwamba sina haki, kwamba Anko Owuor ni mtu wetu. Nikamwambia mwenye mume aliyekufa ni mimi. Mzee Spiteri alikuwa amekwenda kwa binti yake kwa ajili ya Krismasi, na huko wote wakaugua ile korona mpya, wakajifungia. Shambani hapakubaki mtu, na mimi nikaapa sikanyagi pale mpaka mwizi aadhibiwe.

Kumtukana hakukunitosha. Nilitaka alale akikumbuka, aamke akikumbuka. Kwetu pwani mwizi asiyekiri husomewa halbadiri. Hutajwa majina ya mashujaa wa Badri na mwizi huombewa yampate ya kumpata, na watu huiogopa kuliko mahakama. Sheikh wa msikiti wetu alinikatalia katakata, akaniambia nimshtakie Mungu na nitulie. Nikampata Bi Afnan, Mzanzibari wa Blacktown, mtu mzima, msomaji hodari. Naye alinionya, "Khamisa, unajua sharti lake. Ukimsomea asiye na kosa inakurudia mwenyewe."

"Soma, Bi Afnan. Jukumu langu."

Tukasoma Jumapili baada ya alasiri kwenye Zoom. Kulikuwa na madirisha thelathini na kitu, wengine na ubani wao mbele ya kamera, mmoja kasahau kuzima sauti tunasikia blenda yake. Jina la Owuor nililitaja mimi mwenyewe, kwa herufi zote. Nikaomba hivi: aliyewala yabi wa Aqil, tumbo limvimbe, na yeyote aliyemharibia Aqil wasia wake, asipate raha mpaka akiri mbele ya watu. Wakaitikia amin. Wallahi nililala usingizi siku hiyo ambao sikuwa nimelala tangu mwezi wa nane.

Na halbadiri ikafanya kazi, ila si kwa niliyemkusudia! Jumanne nikakuta mlangoni sinia langu la shaba nililolitafuta miaka saba. Alhamisi mama mmoja wa Rooty Hill akarudishiwa cherehani na jirani yake, eti alisahau kuwa aliazima. Kuna mwanamume aliyemkiria mkewe jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kila mtu alijipekua. Owuor tu ndiye hakurudisha kitu. Lakini watu waliacha kumwita. Harusi mbili alizokuwa abebe vyakula wakatafuta mwingine. Kanisani kwao habari ikafika, nikasikia anakaa kiti cha nyuma. Nilipoambiwa hivyo nilisema vizuri, na bado.

Siku nne za mwisho wa mwezi wa kwanza ndizo zilizonimaliza. Jumatano Bi Afnan akanipigia simu, sauti imekauka.

"Khamisa, tumbo langu limevimba. Siku ya tatu leo."

"Pole, Bi Afnan. Umekula nini?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza mimi. Khamisa, wale kamba wa arobaini walitoka wapi?"

"Alileta Owuor. Wa dukani."

"Uliwaona na maganda yake?"

Nikamwita Lina. Nikamuuliza kamba wa arobaini ya baba yake walikuwa wa wapi. Lina akaninyanyulia macho kutoka kwenye kompyuta.

"They were from the dam, Mum," akasema. "Anko Owuor told me. I thought you knew."

Kwenye bwawa! Miezi yote ile! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku nilipomwita Owuor mwizi. Akasema hakujua kuwa nagombana juu ya hao, alidhani wale walioliwa najua, na ninaowatafuta ni wengine. Na alipotaka kuuliza nilimwambia mwenye mume ni mimi.

Bi Afnan bado alikuwa kwenye simu, anaomboleza kivyake. Kumbe alikuwa ameshahesabu kwamba dua aliyoisoma kwa mdomo wake imemwombea tumbo lake mwenyewe, na matumbo ya nyumba thelathini na tano. Kisha akaanza kuuliza kama mnyama mwenye magando kama ya kaa ni halali kwetu au la. Nikamkatia.

Nikafungua namba ya Owuor. Ujumbe wake simu ilikuwa imeuweka kwenye folda ya waliozuiwa, mmoja mmoja, na tarehe zake.

Wa kwanza: "Shemeji kwetu mzee akifa ng'ombe zake ndio hulisha watu wa matanga. Ukilisha watu na nyama ya kununua ni kama marehemu hakuwa na kitu. Aqil hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na hao. Nilitaka watu wajue alikuwa na mali."

Wa pili: "Sikuchukua mama wenye mayai. Hao hawachinjwi. Nimeweka arubaini kwa bafu ya zamani nyuma ya banda watoto watoke salama. Nilikuwa nataka kukuonyesha."

Wa tatu, siku mbili baada ya Krismasi: "Tafadhali wape karoti. Wakikosa chakula wanakulana."

Wa nne: "Nimekuja kwa geti mara tatu. Siwezi ruka uzio shemeji. Mtu mweusi akiruka uzio wa mzungu unajua atashukia wapi."

Wa mwisho, tarehe tano: "Kama hutaki mimi nikuje enda wewe. Ni za Aqil si zangu."

Sikumngoja Lina. Niliendesha mwenyewe mpaka Horsley Park, nikafungua mnyororo wangu mwenyewe kwa ufunguo wangu mwenyewe, nikazunguka nyuma ya banda. Bafu lilikuwepo, beseni refu la kuogea, limefunikwa wavu wa kivuli na kuzungushiwa mawe pembeni kwa ustadi. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimelijaza mpaka juu. Nikafunua. Chini palikuwa na maganda na magando matupu, tabaka juu ya tabaka. Nikachokora kwa kijiti. Kitu kikasogea kwenye kona. Jike moja, kubwa kuliko yoyote niliyowahi kuona, gando moja halina, limenyanyua lile jingine kunitisha. Alikuwa amewamaliza wenzake wote, na watoto wao. Chini ya mkia wake hapakuwa na yai hata moja.

Nililia pale kwa sauti, sikujali. Niliyemharibia Aqil wasia wake nilikuwa mimi, na kufuli nililinunua kwa mkono wangu.

Nikampigia Owuor. Akapokea, akanisikiliza mpaka mwisho. Nikamwambia anitukane. Nikamwomba kabisa, "Nitukane, Owuor, unayo haki."

"Sina haja," akasema. Akakata.

Vifaranga vilikuwa viletwe Jumamosi, na mfugaji hakukubali kuahirisha. Jumamosi asubuhi nilifika mapema, nimebeba kamba wa dukani na kisu, nikijidanganya kwamba nitawakatakata vipande vidogo na kuwalisha mwenyewe kila siku. Kumbe mtu wa vifaranga alikuwa amempigia Owuor, kama Aqil alivyoandikisha. Van yake ikaingia nyuma ya gari la mfugaji. Hakunisalimia. Mifuko ya plastiki iliyojaa hewa, na bass ndani wadogo kama kidole changu cha mwisho, tukailaza juu ya maji nusu saa, ili joto la ndani na la nje lilingane kabla ya kuwafungulia.

Owuor akarudi kwenye van, akashusha ndoo mbili kubwa zenye vifuniko. Akafunua. Yabi watoto, mamia, wembamba kama punje za mchele wenye miguu, na juu yao majike kumi na mbili, mikia imejaa mayai.

"Umewapata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa mfugaji, mbali. Nilianza kuwatafuta tarehe sita."

Tarehe sita. Siku moja baada ya ule ujumbe wake wa mwisho. Wakati huo bado nilikuwa nasikia anakaa kiti cha nyuma kanisani, na nasema vizuri.

"Owuor," nikasema, "sijui nikuambie nini."

"Usiniambie." Alikuwa ameinama anawamimina taratibu penye matawi. "Aqil aliniomba samaki wakute chakula. Hakuniomba nikupende wewe."

Kumbe naye alikuwa ameombwa. Aqil alijua anaozungumza nao, akaufunga wasia mafundo mawili.

Sikuwa na pa kujificha, na mimi kujificha sijazoea. Nilitoa simu, nikafungua Zoom ya kina mama, kundi lile lile, nikawaita wote. Jumamosi asubuhi, wengine na vilemba vya kulalia, Bi Afnan na kikombe cha tangawizi. Nikaishika simu usoni waone bwawa nyuma yangu.

"Mwizi wa yabi amepatikana," nikawaambia.

"Alhamdulillahi," akasema mmoja. "Amekiri?"

"Anakiri sasa hivi. Yabi wa Aqil tuliwala sisi siku ya arobaini, na walikuwa haki yetu, tulilishwa na mwenyewe marehemu. Mimi nilikula sahani mbili. Waliobaki niliwaua mimi kwa njaa na kufuli. Owuor hana kosa lolote, hana hata la kusingiziwa. Bi Afnan, soma tena. Ile ile, na maneno yale yale. Jina ni Khamisa."

Bi Afnan akatikisa kichwa. Hakuthubutu, mkono wake uko tumboni. Nikaisema mwenyewe: aliyemharibia Aqil wasia wake asipate raha. Nikangoja waitikie. Madirisha thelathini yakanitazama. Wengine walizima kamera. Hakuna aliyefungua mdomo, na nusu saa ya mifuko ilikuwa imeisha.

Owuor alikuwa nyuma yangu, ndani ya maji mpaka magotini, ameshafungua mfuko wa kwanza na bass wanatoka mmoja mmoja kuelekea kwenye matawi. Hakugeuka. Akasema kwa sauti ya kanisani, kubwa, kila mtu kwenye simu akaisikia:

"Amina."

Kisha akaninyooshea mfuko wa pili, nikaushika.